Kaa la Moto na Kibaba cha Nuru: Chimbuko la Nadharia ya Kwanta

Kila aliyewahi kukaa mbele ya jiko la mkaa analijua jambo hili, hata kama hajawahi kulitafakari. Kaa likianza kushika moto huwa jekundu la giza. Likipepewa hung'aa, na likizidi kupepewa hukaribia rangi ya chungwa. Mhunzi naye akikitia chuma motoni hukiona kikiwa chekundu, kisha cha manjano, na katika moto mkali kabisa huelekea weupe. La ajabu ni kwamba haijalishi kama kinachochomwa ni mkaa, chuma au kigae cha udongo: vikiwa na joto moja, huwa na rangi moja. Na hakuna jiko ambalo kaa lake limewahi kung'aa kwa rangi ya urujuani. Vile vimwali vya buluu vinavyocheza juu ya mkaa mara nyingine ni vya hewa inayoungua, si vya kaa lenyewe. Nayo ndiyo hewa inayowaua watu waliolala na jiko chumbani madirisha yakiwa yamefungwa.

Kwa nini basi kaa huwa jekundu, si la urujuani? Mwishoni mwa karne ya 19 swali hili lilikuwa limewashinda wataalamu wakubwa wa fizikia wa Ulaya. Jibu lilipopatikana mjini Berlin, mwaka wa 1900, lilifungua mlango wa nadharia ya kwanta, ambayo bila yake tusingekuwa na simu ya mkononi, wala taa za LED, wala maelezo ya namna paneli ya sola iliyo juu ya paa inavyogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Wiki hii tumependa kuwasimulia wasomaji wetu watukufu jinsi nadharia hiyo ilivyozaliwa. Tutamsimulia pia mtu aliyeizaa, kwa kuwa kisa chake kina ajabu yake: hakuitaka, na kwa miaka mingi alijaribu kuirudisha ilikotoka.

Jina lake ni Max Planck. Alizaliwa mwaka wa 1858 katika mji wa bandari wa Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, katika ukoo wa wanazuoni na wanasheria, akalelewa Munich. Alipiga piano kwa ustadi kiasi cha kufikiria kuufanya muziki kazi yake. Alipokwenda chuo kikuu akiwa kijana wa miaka 16 na kusema anataka kusoma fizikia, mwalimu mmoja, Philipp von Jolly, alimshauri asijisumbue, maana katika elimu hiyo karibu kila kitu kilikuwa kimekwisha gunduliwa na yaliyobaki ni kuziba nyufa chache. Planck alijibu kwamba hakuwa na haja ya kugundua lolote jipya. Alitaka tu kuielewa misingi iliyokwisha wekwa. Tunaomba msomaji alikumbuke jibu hilo. Huyu hakuwa kijana wa kupindua meza. Alikuwa mtu wa utaratibu, wa kuheshimu waliomtangulia, wa kusogea hatua moja baada ya nyingine.

Mwaka wa 1889 alihamia Chuo Kikuu cha Berlin, naye huko akakuta kazi ya pekee inaendelea. Serikali ya Ujerumani ilikuwa imeanzisha mwaka wa 1887, katika kitongoji cha Charlottenburg, taasisi kubwa ya vipimo vya kisayansi, kwa msaada wa tajiri wa viwanda vya umeme, Werner von Siemens. Miji ilikuwa inaanza kuwashwa taa. Taa za gesi zilishindana na taa za umeme, na wenye viwanda walitaka kipimo cha kuaminika cha kujua taa ipi inatoa mwanga mwingi zaidi. Ili kukipata, wapimaji wa Charlottenburg walitengeneza kitu kama tanuri dogo: chombo cha ndani kitupu, kilichofungwa kila upande, chenye kitundu kimoja tu. Walikitia moto hadi nyuzi mia kadhaa, na baadaye zaidi ya elfu, kisha wakapima mwanga na joto linalotoka kitunduni, rangi moja baada ya nyingine, hata zile rangi zilizo chini ya nyekundu ambazo jicho halizioni. Kwa hiyo fumbo kubwa kuliko yote ya fizikia ya zama hizi lilianzia katika suala la taa za barabarani. Sisi tunalipenda sana jambo hili kuliko visa vya tufaha kuangukia kichwa cha mtu.

Vipimo vyao vilionyesha mchoro wenye umbo la mlima. Kwa kila kiwango cha joto, mwanga mwingi zaidi hutoka katika rangi moja maalumu, kisha hupungua pande zote mbili. Joto likizidi, kilele cha mlima husogea kutoka upande wa nyekundu kuelekea urujuani. Jua, ambalo uso wake una joto la nyuzi 5,500 hivi, kilele chake kimo ndani ya rangi tunazoziona. Nyota zenye joto kupita jua huonekana za buluu. Mwenzake Planck, Wilhelm Wien, alikuwa ametoa kanuni mwaka wa 1896 iliyoonekana kuueleza mlima huo, na Planck mwenyewe alikuwa ameitetea kwa hoja ndefu.

Siku ya Jumapili, tarehe 7 Oktoba 1900, Heinrich Rubens, mmoja wa wapimaji hao, alifika na mkewe nyumbani kwa akina Planck kuwazuru. Katika mazungumzo alimwambia mwenyeji wake kwamba vipimo vipya vya mawimbi marefu, huko mbali chini ya rangi nyekundu, havikubaliani kabisa na kanuni ya Wien. Wageni walipoondoka Planck aliketi na kalamu. Usiku ule ule alipata kanuni nyingine iliyolingana na vipimo vya pande zote mbili, akaiandika kwenye kadi ya posta na kumpelekea Rubens. Tarehe 19 Oktoba aliitangaza mbele ya Jumuiya ya Fizikia ya Ujerumani, na asubuhi iliyofuata Rubens alikuja kumwambia kwamba ameilinganisha na hesabu zake usiku kucha, nayo inakubaliana nazo kila mahali.

Mtu mwingine angesherehekea. Planck alijua kwamba alikuwa na kanuni iliyo sahihi lakini hajui kwa nini ni sahihi, na kwa mtu aliyeisomea fizikia ili aielewe misingi, hilo lilikuwa deni. Kwa wiki nane hivi alifanya kazi ambayo baadaye aliieleza kuwa nzito kuliko zote alizowahi kuzifanya maishani. Mwishowe ilimbidi atumie njia ya kuhesabu ya Ludwig Boltzmann wa Vienna, njia iliyojengwa juu ya bahati na uwezekano, ambayo Planck kwa miaka mingi alikuwa ameitilia shaka. Na ilimbidi akubali jambo moja zaidi, la ajabu kupita hilo.

Hapa tutumie mfano wa nyumbani. Tuseme mtu ana ghala la mchele, naye anataka kuwagawia wageni wake wote kwa usawa. Wageni hao ni namna mbalimbali za mtikisiko wa nuru: wachache wako upande wa nyekundu, wengi upande wa urujuani, na huko mbele ya urujuani idadi yao haina mwisho. Kwa sheria za fizikia ya kale kila mgeni apate fungu lililo sawa na la mwenzake. Matokeo yake ni kwamba wale wasio na idadi watalimaliza ghala lote, na kaa la jikoni lingepaswa kumwaga mwanga wa urujuani, na wa kuunguza zaidi ya huo, bila kikomo. Mpishi angepofuka kabla wali haujaiva.

Planck alisema: mchele haugawiwi kwa punje. Kila mgeni hupokea kwa kipimo chake kizima, au hapokei kabisa. Wa upande wa nyekundu kipimo chake ni kibaba. Wa urujuani kipimo chake ni pishi. Na wa mbali zaidi hutaka gunia zima. Ghala likiwa dogo, yaani joto likiwa la jiko tu, wenye vibaba hupata, wenye mapishi hupata kwa nadra, na wenye kudai magunia huondoka mikono mitupu. Ndiyo sababu kaa ni jekundu. Ukilichochea zaidi, ghala linakua, na wenye mapishi nao wanaanza kupata.

Kibaba hicho cha nishati ndicho kilichokuja kuitwa kwanta, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kiasi gani. Ukubwa wake hupatikana kwa kuzidisha masafa ya nuru, yaani idadi ya mitikisiko yake kwa sekunde, kwa namba moja isiyobadilika ambayo Planck aliipa herufi h. Namba hiyo ni ndogo mno: kwa vipimo vya leo huandikwa sifuri, nukta, kisha sifuri 33, ndipo zifuate tarakimu 6626. Ndiyo maana hatuzioni punje za nuru. Balbu moja ya sebuleni hutoa kwanta zaidi ya bilioni moja mara bilioni moja kila sekunde, na jicho huona mtiririko mmoja usiokatika, kama mtu wa mbali aonavyo fungu la mchanga kuwa kitu kimoja.

Tarehe 14 Desemba 1900 Planck aliyasoma hayo mbele ya jumuiya ile ile. Hakuna aliyeshtuka. Kanuni ilipokelewa kwa kuwa ililingana na vipimo. Vibaba vilichukuliwa kuwa hila ya hesabu, na Planck mwenyewe hakuwa mbali na maoni hayo. Miaka mingi baadaye alikiri katika barua kwamba alilifanya jambo lile kwa kukata tamaa, kwa kuwa alihitaji maelezo kwa gharama yoyote. Wanahistoria wa sayansi wangali wanajadiliana kama mwaka ule wa 1900 alielewa kikamilifu alichokisema. Tunavyoona sisi, hakuelewa, na hilo halimpunguzii kitu. Alichokataa kukifanya ni kuvisukuma vipimo kando ili imani yake ya zamani ibaki salama.

Aliyevichukua vibaba kuwa kitu cha kweli alikuwa kijana wa miaka 26, karani wa ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi. Mwaka wa 1905 Albert Einstein aliandika kwamba nuru yenyewe husafiri ikiwa punje punje, akatumia wazo hilo kueleza jambo lililokuwa limewatatiza wapimaji: nuru ikipiga bamba la madini, hutoa elektroni, lakini nuru nyekundu hata iwe kali kiasi gani huenda isitoe hata moja, na ya urujuani hata iwe hafifu huzitoa papo hapo. Fikirini makanga wa matatu ambaye nauli yake ni shilingi 50, wala haruhusu abiria kuchangiana. Waje watu mia wenye shilingi ishirini ishirini, hakuna atakayepanda. Aje mmoja mwenye mia, atapanda na kubaki na chenji. Punje ya nuru nyekundu ni yule mwenye ishirini. Ya urujuani ni mwenye mia. Na chenji ndiyo kasi ambayo elektroni hutoka nayo.

Hakuaminiwa. Mwaka wa 1913, Planck na wenzake walipompendekeza Einstein awe mwanachama wa Chuo cha Sayansi cha Prussia, walimsifu sana, kisha wakaomba asihukumiwe vikali kwa kuwa mara nyingine amelenga pasipo, kama katika hizo punje zake za nuru. Kule Marekani, Robert Millikan alitumia miaka kumi hivi akipima ili kuonyesha kwamba kijana yule amekosea. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka wa 1916, yalithibitisha hesabu ya Einstein tarakimu kwa tarakimu, na hata hivyo Millikan akaendelea kusema kwamba wazo lenyewe halikubaliki. Ni kwa kazi hiyo ya 1905, wala si kwa ile nyingine iliyompa umaarufu, kwamba Einstein alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1921.

Wanawake nao hawakukosekana katika kisa hiki, ingawa milango yao ilikuwa myembamba. Mwaka wa 1907 Lise Meitner, binti wa Vienna mwenye shahada ya udaktari, alifika Berlin kumsikiliza Planck, wakati vyuo vikuu vya Prussia vilikuwa bado havijawapokea wanawake kuwa wanafunzi kamili. Planck aliwahi kuandika, mwaka wa 1897, kwamba maumbile yamemwekea mwanamke kazi ya umama na nyumba, na kwamba wenye vipaji vya elimu hii ni wachache wa kuhesabika. Alimuuliza Meitner alitaka nini zaidi ilhali ni daktari tayari. Lakini alimruhusu. Akamwalika nyumbani, ambako Meitner alifanya urafiki na mabinti zake. Na mwaka wa 1912 akamfanya msaidizi wake wa kazi, nafasi ambayo hakuna mwanamke aliyeishika kabla yake katika Prussia. Kabla ya hapo Meitner alikuwa akifanya majaribio yake katika iliyokuwa karakana ya seremala chini ya taasisi ya kemia, kwa sababu mkuu wa pale hakutaka wanawake wapande ghorofani. Mwaka wa 1911, mkutano wa kwanza wa kuijadili nadharia hii ulipofanyika Brussels kwa gharama za Ernest Solvay, tajiri aliyetajirika kwa kutengeneza magadi kiwandani, Marie Curie alikuwa mwanamke pekee mezani.

Kutoka kwenye nuru, kwanta iliingia ndani ya atomu. Ernest Rutherford wa Manchester alikuwa ameonyesha mwaka wa 1911 kwamba atomu ina kiini kidogo katikati na elektroni pembeni. Tatizo ni kwamba kwa sheria za kale elektroni inayozunguka ingepoteza nishati na kuangukia kiini mara moja, na dunia nzima ingejikunja. Niels Bohr wa Copenhagen alilishika tatizo hilo. Alikuwa amemwoa Margrethe Nørlund mwezi wa Agosti 1912, na fungate yao waliipitisha Uingereza, bwana akitamka makala yake ya kisayansi na bibi akiyaandika kwa hati yake nzuri. Kwa miaka mingi Margrethe alibaki kuwa mkono ulioandika.

Ufunguo Bohr aliupata kwa mwalimu wa shule ya wasichana. Johann Balmer alifundisha mjini Basel, na mwaka wa 1885, akiwa na miaka 60, alitoa kanuni ya rangi nne zinazoonekana katika mwanga wa hewa ya haidrojeni. Mtoto wa sekondari anaweza kuijaribu leo usiku: chukueni 364.6, mzidishe kwa 9 na kugawanya kwa 5, mtapata 656, urefu wa wimbi la rangi nyekundu kwa nanomita. Zidisheni kwa 16 na mgawanye kwa 12, ni 486. Kwa 25 na 21, ni 434. Kwa 36 na 32, ni 410. Kwa nini zikubaliane hivyo, Balmer hakujua. Bohr alipoiona kanuni hiyo mapema mwaka wa 1913 kila kitu kilimfungukia: elektroni husimama kwenye vipandio kama vya ngazi, wala haiwezi kusimama katikati ya kipandio na kipandio. Ikishuka, hutoa kwanta moja ya nuru, na rangi ya nuru hiyo ndiyo tofauti ya nishati kati ya kipandio cha juu na cha chini.

Yaliyofuata yalikwenda mbio, nasi tutayapitia mbio. Mwaka wa 1924 Satyendra Nath Bose, mhadhiri wa Dhaka, alimpelekea Einstein barua yenye njia mpya na safi ya kuipata kanuni ya Planck kwa kuzihesabu punje za nuru. Einstein aliitafsiri kwa mkono wake na kuifanya ichapishwe. Kundi zima la chembe za maumbile linaitwa bosoni hadi leo kwa jina lake. Mwaka wa 1925 Werner Heisenberg, na mwaka wa 1926 Erwin Schrödinger, kila mmoja alitoa hesabu kamili ya mambo haya, na ndizo zinazotumiwa na wahandisi wanaotengeneza vipande vya simu zetu. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka wa 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi ya kwanta, kwa kutimia miaka mia moja.

Na Planck? Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1918, katika miaka ambayo nyumba yake ilikuwa inateketea. Mkewe wa kwanza, Marie, alifariki mwaka wa 1909. Mwanawe Karl aliuawa vitani Verdun mwaka wa 1916. Mwaka uliofuata binti yake Grete alifariki baada ya kujifungua. Pacha wake, Emma, alikwenda kumlea yule mtoto mchanga, akaolewa na mjane wa dada yake mwezi wa Januari 1919, na kabla ya mwaka kwisha naye akafariki baada ya kujifungua. Watoto wote wawili waliokoka. Walioshuhudia wanaeleza kwamba mzee huyo aliendelea kwenda darasani. Mwaka wa 1933 alikwenda mbele ya Hitler kuwaombea wenzake Wayahudi waliofukuzwa kazi, wala hakusikilizwa. Nyumba yake ya Berlin, na karatasi zake za maisha yote, iliungua kwa mabomu mwaka wa 1944. Tarehe 23 Januari 1945 mwanawe Erwin, aliyebaki kuwa rafiki yake wa karibu kuliko wote, alinyongwa kwa kuhusishwa na njama ya kumwondoa Hitler.

Planck alifariki Göttingen mwezi wa Oktoba 1947, akiwa na umri wa miaka 89. Jiwe la kaburi lake lina jina lake, na chini kabisa imechongwa ile namba ndogo aliyoipa herufi h. Tangu tarehe 20 Mei 2019 namba hiyo ina kazi nyingine: kilo haipimwi tena kwa kulinganishwa na kipande cha madini kilichofungiwa karibu na Paris. Hukadiriwa kwa h, na mizani ya duka la jirani, mkiifuatilia hadi mwisho wa vipimo vyake, inasimama juu ya namba aliyoiandika Planck mwaka wa 1900.